Mazoezi Baada ya Maafa: Mwongozo kwa Watu wa Mbulu na Hanang

Kama ulikuwa Katesh, Gendabi au Jorodom asubuhi ile ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliposhuka, au ulifiwa na mtu aliyekuwa huko, mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako. Unakuhusu pia kama lililokupata halikutangazwa redioni: ajali ya bodaboda, kipigo cha miaka ndani ya nyumba, mtoto aliyezikwa wiki aliyozaliwa. Nadai kwamba mazoezi ya mwili, yaani kutembea, kukimbia, mpira, hata ngoma, yanaweza kumsaidia mtu aliyepatwa na kiwewe asiishie kupona tu, bali apate na nguvu ambayo zamani hakuwa nayo. Nadai vilevile kwamba hayafanyi hivyo yenyewe, na yakiendeshwa vibaya huongeza maumivu. Mambo matatu ndiyo yanayoamua: uwe umeyachagua mwenyewe, yawe kwa kiasi utakachoweza kukirudia kesho kutwa, na pawe na watu watakaogundua usipotokea. Ushindani, ambao ndio uliozipa wilaya hizi jina duniani, haumo katika hayo matatu.

Kauli hiyo itawaudhi wengi, maana Mbulu na Hanang ni nchi ya wakimbiaji. John Stephen Akhwari ni mzaliwa wa Mbulu. Filbert Bayi alizaliwa Karatu, wakati Karatu ingali sehemu ya Wilaya ya Mbulu, na mwaka 1974 kule Christchurch akaweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Gidamis Shahanga wa Hanang alitwaa dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1978 huko Edmonton, kisha dhahabu ya mita 10,000 mwaka 1982 huko Brisbane. Gabriel Geay, naye wa Mbulu, alimaliza wa pili Boston mwaka 2023, huku Eliud Kipchoge akiwa nyuma yake. Mtoto anayekua katikati ya majina haya hujifunza mapema kwamba mbio ni kushinda, na usiposhinda, basi ni kuvumilia. Hapo ndipo habari za Akhwari zinapotumiwa vibaya. Tarehe 20 Oktoba 1968, Mexico City, alianguka katika marathoni, akaumia goti na bega, akafungwa bendeji, akaendelea kuchechemea hadi akaingia uwanjani jua limeshazama. Alikuwa wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake kwa ufupi lilikuwa kwamba nchi yake haikumpeleka mbali kiasi kile aanze mbio, ilimpeleka azimalize.

Ni habari ya kujivunia, na sina nia ya kuipunguza. Lakini kilichofanyika jioni ile kilikuwa uamuzi wa mwanariadha aliyekwisha kujiandaa kwa miaka, juu ya jeraha la mwili, kwa saa chache. Kiwewe hakiishi kwa saa chache. Anayemtolea mjane wa Gendabi mfano wa Akhwari ili anyamaze na kukaza meno anaacha nusu ya habari yenyewe: mwaka 1970, huko Edinburgh, Akhwari alikuwa wa tano katika marathoni ya Jumuiya ya Madola, na mtu aliyeshika nafasi hiyo hakuwa amechechemea miaka miwili mfululizo. Kati ya Mexico na Edinburgh kuna kazi isiyopigwa picha, ya kurudi taratibu mpaka mguu ukubali tena. Ukitaka kumwiga Akhwari, iga hiyo.

Sasa ushahidi. Mwaka 2024 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa majaribio 218 yaliyohusisha watu 14,170 wenye sonona. Kutembea au kukimbia taratibu, yoga na mazoezi ya kujenga misuli yalionekana kupunguza sonona kwa kiasi cha kuheshimika. Sonona na kiwewe ni ndugu, si kitu kimoja, kwa hiyo tusikimbilie kufurahi. Kuhusu kiwewe chenyewe majaribio ni machache na madogo. Moja linalotajwa sana ni la Simon Rosenbaum na wenzake wa Australia, la 2015: wagonjwa 81 waliolazwa kwa sababu ya kiwewe waligawanywa, nusu wakapata tiba ya kawaida, nusu wakapata tiba hiyohiyo pamoja na mazoezi ya misuli na mpango wa kutembea. Walioongezewa mazoezi walipungukiwa na dalili kuliko wenzao. Zingatia neno hilo, walioongezewa. Hakuna aliyenyang'anywa daktari akapewa viatu vya kukimbilia. Mazoezi yalisimama kando ya tiba, na hapo ndipo nitakapoyaweka katika mwongozo huu wote.

Kwa nini mwili usaidie akili? Aliyepatwa na kiwewe huishi na mwili uliojifunza hatari. Mvua ikipiga bati usiku, moyo unaenda mbio, pumzi inakatika, viganja vinalowa, na yeye anazisoma dalili hizo kuwa tope linakuja tena. Ukipanda mlima mdogo kwa mwendo wa haraka, moyo utaenda mbio vilevile, pumzi itakatika vilevile, kisha utasimama, utapumua, na baada ya dakika chache mwili utatulia bila lolote kutokea. Ukirudia hivyo mara nyingi, ubongo unaanza kutofautisha moyo unaopiga kwa sababu ya kilima na moyo unaopiga kwa sababu ya kifo. Hilo ndilo la kwanza. La pili ni usingizi: mwili uliochoka kwa kazi uliyoichagua hulala vizuri zaidi, na kukosa usingizi ndiko kunakolisha dalili nyingine zote. La tatu halipimwi hospitalini, nalo ni kwamba maafa humnyang'anya mtu uwezo wa kuamua. Mlima ulimeguka bila kumwomba mtu ruhusa. Kuamua leo natembea hadi mtoni na kugeuka ninapotaka ni uamuzi mdogo, lakini ni wako, na mwili wako umeutii.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi, kwa umbali na kwa hali ya maisha, hautoki Australia. Unatoka Gulu, kaskazini mwa Uganda, na si wa kupendeza. Baada ya vita vya waasi wa LRA, vijana wadogo wa Gulu waliandikishwa katika ligi ya mpira wa miguu iliyoitwa Gum Marom, iliyochanganya mechi na mafunzo ya amani. Justin Richards na wenzake waliwapima waliocheza na waliongoja, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Ligi haikuwaongezea wavulana stamina ya maana, na kwa afya ya akili wavulana waliocheza walitoka vibaya kuliko wenzao ambao hawakuingizwa kwenye ligi. Watu waliozoea kusema kwamba mpira huponya wangependa utafiti huu usahaulike. Mimi nauona kuwa wa thamani kuliko sifa kumi. Unaweza kuelezwa kwa njia zaidi ya moja, lakini tazama kilichokuwa ndani yake: ligi, mshindi na mshindwa, kwa watoto waliotoka kwenye vita. Kijana aliyekwisha kupoteza ndugu na nyumba anapewa nafasi ya kupoteza tena mbele ya watu. Mpira wenyewe si wa kulaumiwa. Lililopaswa kuulizwa ni umepangwaje, na nani anaamua kijana acheze au akae.

Hata hivyo Gulu haiwezi kutumiwa kusema basi tuache. Inatuambia tupange upya. Na hapo wilaya hizi zina kitu ambacho kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anakijua: mchakamchaka. Watoto wanakimbia alfajiri kwa pamoja, kwa wimbo, hatua moja, na hakuna anayefika wa kwanza kwa sababu mstari wote unafika pamoja. Kwa aliyepatwa na kiwewe, huo ni mpango bora kuliko ligi: wimbo unaongoza pumzi, hatua zinalingana, mtu mmoja hawezi kuachwa bila wengine kujua. Kasoro ya mchakamchaka wa shule ni fimbo ya mwalimu wa zamu. Ukiondoa fimbo na kuweka hiari, ukapunguza mwendo, ukaruhusu anayetaka kutembea atembee nyuma na wimbo uleule, una zoezi la kikundi ambalo haligharimu hata shilingi na halihitaji kocha kutoka Arusha.

Kuna pingamizi ambalo mkulima wa Dongobesh au mfugaji wa Balangida atalitoa kabla sijamaliza, naye ana haki. Mama anateka maji, anabeba kuni, analima na kupalilia, anatembea na mzigo hadi mnadani. Mchungaji anazunguka na ng'ombe kutwa nzima. Watu hawa wanahitaji mazoezi ya nini? Kwa upande wa moyo na misuli, hakika wengi wao wanapita kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha dakika 150 hadi 300 kwa wiki bila hata kujua kipo. Kwa upande wa akili, jibu ni tofauti. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Rhiannon White walikusanya tafiti nyingi na kuzitenganisha kulingana na mahali mwili unapotumika: kazini, nyumbani, njiani, au katika muda wa mapumziko. Uhusiano na afya nzuri ya akili ulikuwa wazi kwa mwendo wa mapumziko, na haukuwa hivyo kwa ule wa kazi. Jasho ni lilelile. Hiari ndiyo iliyotofautiana. Jembe linakuamuru, ukiliacha, watoto hawali. Kwa hiyo sikuambii uongeze kilomita juu ya mgongo uliokwisha choka. Nakuambia utafute nusu saa, hata mara mbili kwa wiki, ambayo mwili wako unasogea kwa sababu umetaka. Kwa mkulima wakati wa palizi inaweza kuwa ngoma ya jioni na si mbio. Kwa mwenye duka Katesh mjini anayekaa kwenye kiti kutwa, itakuwa mwendo wa miguu.

Pingamizi lingine ni zito zaidi, nalo ni la msiba. Kucheza baada ya mazishi kunaonekana dharau, na katika mila za Wairaqw kulikuwa na zaidi ya hilo: meeta, ambayo kwayo aliyefikwa na vifo vya namna fulani alikaa mbali na majirani kwa muda mrefu, bila kula nao wala kuchangamana nao, mpaka taratibu zikamilike. Dini zimeilegeza sana desturi hiyo, ila mabaki yake yamo: jirani anayepunguza kuja, mfiwa anayejiona mzigo. Sioni haja ya kupigana na mila ili uanze mazoezi. Subiri matanga yaishe. Kama ni arobaini, arobaini ipite. Kama familia yako inafuata utaratibu mwingine, mwulize mzee. Wiki za mwanzo kabisa si za kuanza programu yoyote. Ni za kulala, kula, kunywa maji na kuwa na watu. Lakini kumbuka pia kwamba msiba wa Kiafrika haujawahi kuwa wa kukaa kimya tu. Wabarabaig humjengea mzee anayeheshimiwa kaburi la kichuguu, bung'eda, kwa shughuli za miezi, watu wakikusanyika, wakiimba, wakifanya kazi kwa mikono. Mwili una nafasi katika kuomboleza tangu zamani. Anayesema kwamba mfiwa akisogea amemsahau marehemu hana mila nyuma yake.

Basi unaanzaje? Tafuta mtu mmoja kwanza, si kikundi. Awe jirani, shemeji, mwenzako wa kwaya au wa kikoba, yeyote ambaye hulazimiki kumweleza yote. Mkubaliane siku mbili au tatu za wiki na saa ile ile, na mkubaliane kwamba asiyeonekana ataulizwa, bila lawama. Wiki tatu za kwanza tembeeni tu, dakika 20, kwa mwendo unaowaruhusu kuzungumza sentensi nzima. Ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha. Chagua njia tambarare, yenye watu, isiyopita kwenye korongo wala chini ya mteremko uliomeguka. Njia za kuelekea Mlima Hanang, hata kama zamani ulizipanda ukichekelea, ziache kwanza. Mlima huo wa mita zaidi ya 3,400 hautaondoka, na kuulazimisha mwili ukabiliane nao mapema ni kujitesa, hata kama wenzako wanakuita mwoga. Ukiona wiki tatu zimepita bila kukuharibia usingizi, ongeza dakika tano, au ongeza kilima kimoja. Usiongeze vyote viwili kwa pamoja. Lengo la mwezi wa kwanza ni moja tu: uwe hujakosa zaidi ya mara mbili. Kasi haina kazi hapo.

Jambo linaloweza kukushtua, na bora ulijue mapema, ni kwamba mazoezi yenyewe yanaweza kuamsha kumbukumbu. Moyo ukianza kupiga, harufu ya udongo ikiwa mbichi, unaweza kujikuta asubuhi ileile ya Desemba. Ikitokea, usikimbie zaidi ili uishinde. Simama, tazama chini, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona, mwambie mwenzako umefika wapi na leo ni siku gani, kunywa maji, kisha rudini nyumbani taratibu. Haimaanishi umeshindwa wala kwamba zoezi ni baya. Likitokea kila mara kwa wiki mbili mfululizo, punguza juhudi na uende kwa mhudumu wa afya. Na kuna upande wa pili wa hatari ambao watu huusifia kwa makosa: mtu anayekimbia asubuhi na jioni, hali vizuri, halali, hakubali kupumzika hata akiwa na goti lililovimba, kwa sababu akisimama mawazo yanamfikia. Huyo anajificha kwenye mbio, na jamii inampigia makofi. Ukiona unaogopa siku ya mapumziko kuliko siku ya mazoezi, mpango umegeuka ugonjwa.

Kwa wanawake nina neno la ziada, kwa sababu ushauri mwingi wa mazoezi huandikwa kana kwamba kila mtu anaweza kutoka nyumbani saa 12 asubuhi bila kuulizwa. Mwanamke aliyepigwa au kubakwa anaweza kuiona barabara tupu kuwa tishio, na hakosei. Asiende barabarani. Mpira wa pete kwenye uwanja wa shule jioni, watu wakiwa wengi, ni salama zaidi. Ngoma ya kikundi cha wanawake ni salama zaidi. Hata mazoezi ya kwaya yanayochezesha mwili yana nafasi yake. Vazi liwe lile analoliona la heshima: kitenge juu ya suruali kimewachezesha wengi na hakijamzuia yeyote kupumua. Mume akiuliza, mwambieni kwa pamoja mkiwa kikundi, si mmoja mmoja. Na kama anayekuumiza ndiye unayelala naye nyumba moja, mazoezi hayatangulii. Kinachotangulia ni usalama: dawati la jinsia polisi, ofisa ustawi wa jamii, ndugu anayeaminika.

Watoto hawahitaji programu, wanahitaji michezo yao irudi. Rede, kuruka kamba, kukimbizana, mpira wa makaratasi: haya ndiyo matibabu yao ya kila siku, na mtu mzima anayewazuia kwa sababu kijiji kiko katika huzuni anawanyima njia pekee wanayoijua ya kusema. Ukiwaona wanacheza maporomoko, mmoja akiwa tope na mwingine akiwa nyumba, usiwakaripie. Wanapanga jambo lililowazidi likae saizi yao. La kuangalia ni mchezo huo kurudiwa siku nyingi kwa namna ileile, bila mwisho mwema, mtoto akitoka amefadhaika zaidi kuliko alivyoingia. Au mtoto asiyecheza kabisa. Huyo apelekwe kwa mtaalamu. Simu ya bure ya watoto, 116, inafanya kazi nchi nzima. Walimu wanaoandaa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, nao wakumbuke Gulu: mtoto wa Gendabi anaweza kuwa na mbio nzuri kuliko wote shuleni na bado asiwe tayari kupangwa, aulizwe kwanza, na akikataa asiitwe mvivu mbele ya wenzake.

Hapa lazima nishughulikie neno kukua, kwa sababu linaweza kugeuka mzigo mpya. Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, wanasaikolojia wa Charlotte huko Marekani, ndio walioeneza katika miaka ya 1990 wazo kwamba baadhi ya watu hukua baada ya kiwewe: huthamini maisha zaidi, hukaribiana na wenzao, huona nguvu wasiyoijua, hufunguka kwa njia mpya, huimarika kiroho. Waliandaa hata dodoso la kulipima mwaka 1996. Wazo ni zuri, na waliokutana na wanakijiji waliofukua tope kwa mikono wakimtafuta jirani wanalijua bila dodoso. Lakini Patricia Frazier na wenzake, mwaka 2009, waliwapima wanafunzi kabla na baada ya tukio la kiwewe, wakakuta kwamba kile mtu anachosema amekua hakilingani sana na mabadiliko yanayopimika. Mtu huweza kusema nimekua ili ajifariji, au kwa sababu mchungaji na ndugu wanataka kusikia hivyo. Kwa hiyo usijipime kwa kauli. Jipime kwa vitendo: unalala saa ngapi, umeacha kunywa pombe ya kulalia au la, umeitikia salamu za nani mwezi huu, umeweza kukaa ndani wakati mvua inanyesha bila kutoka nje mara kumi. Mazoezi yakisogeza hata mawili kati ya hayo, yanafanya kazi yake. Yasipoyasogeza, hujakosea chochote. Kupona bila kukua ni kupona kamili. Wapo waathirika waliohamia nyumba mpya walizojengewa Waret ambao wanachotaka ni kulala usiku mzima tu, na hilo latosha.

Mazoezi yana mpaka, na mpaka huo utaje kwa sauti kabla hujaufikia. Ukiwaza kujiua, ukisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, ukishindwa kuamka kitandani wiki mbili, ukinywa kila siku, au ukiwa na hasira inayokutisha wewe mwenyewe kwa watoto wako, usitafute mwenza wa kutembea naye. Nenda hospitali. Kwa watu wa Mbulu kuna Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza 1955 na yenye huduma ya afya ya akili. Kwa Hanang, anzia hospitali ya wilaya Katesh, au kituo cha afya kilicho karibu, na umwambie mganga waziwazi kwamba unataka kuonwa kwa sababu ya akili, maana ukisema kichwa kinauma utapewa dawa ya kichwa. Mwenye ugonjwa mkubwa hupelekwa Hospitali ya Mirembe, Dodoma, na kupelekwa huko si aibu zaidi ya kupelekwa Hospitali ya KCMC kwa mguu uliovunjika. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha, mimba au jeraha lililobaki mwilini aulize kabla ya kupandisha mwendo. Ukipewa dawa, endelea nazo. Usiache vidonge kwa sababu unakimbia vizuri.

Imebaki hali ya hewa na kalenda. Mvua za Novemba na Desemba zikianza, wengi watarudi nyuma hata baada ya mwaka mzima wa nafuu, na tarehe 3 Desemba itakuja kila mwaka. Kikundi kipange mapema, Oktoba, kitakachofanyika: mahali pa kukutania penye paa imara na mbali na korongo, ukumbi wa kanisa au darasa, zoezi la ndani la dakika 20, la kuruka na kuimba, na nani atampitia nani asubuhi ikiwa mvua imenyesha usiku kucha. Wiki hiyo msiongeze umbali wala mlima. Anayetaka kwenda makaburini badala ya mazoezi, wawili wamsindikize kwa miguu. Na kama kuna mbio za wilaya zimetangazwa mwezi huo, aliye tayari ajiandikishe mwenyewe, kwa jina lake, bila kocha wala mjumbe kumjazia fomu.